Linux: siku mkubwa alipoomba msamaha, kanuni za heshima zikapata nguvu

Jumapili tarehe 16 mwezi wa tisa 2018, Linus Torvalds, mtu aliyeanzisha Linux, aliandika barua ambayo wengi wa wenzake hawakutegemea kuisoma hata siku moja. Aliomba msamaha kwa watu aliowashambulia kwa maneno kwa miaka mingi. Alisema pia kwamba anasimama kazi kwa muda, ili atafute msaada wa kuelewa hisia za wengine. Siku hiyohiyo, mradi wake ulipokea kanuni mpya za mwenendo.

Kwa mtu wa Goma, Bukavu ao Bunia, habari hii inaweza kuonekana ya mbali. Lakini simu nyingi zinazouzwa katika masoko yetu zinatumia Android, na chini ya Android kuna Linux. Ndiyo inayosimamia betri, kioo, kamera na sauti ya simu. Tangu mwezi wa kumi na moja 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux. Programu hii ni huria: kila mtu anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuigawa bila kulipa. Hakuna kampuni moja inayoimiliki. Toleo jipya linatoka karibu kila baada ya wiki tisa ao kumi, na kila toleo linabeba kazi ya watu zaidi ya elfu moja.

Watu hao hawakai katika ofisi moja. Wako katika inchi nyingi, na wanajadiliana kwa barua pepe za hadhara ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Kwa hiyo, mtu akitukanwa, anatukanwa mbele ya dunia nzima, na maneno yale yanabaki huko miaka na miaka. Ndiyo sababu swali la namna ya kusemezana limekuwa zito katika kazi hii, hata kama wengi walifikiri ni kazi ya mashine tu.

Kazi nzuri, ulimi mkali

Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, inchi ya Finland, alipotangaza mradi wake mwezi wa nane 1991. Mwaka 2005 alitengeneza pia Git, chombo ambacho leo waandishi wa programu duniani pote wanakitumia kutunza kazi yao. Ujuzi wake hakuna anayeubishia.

Kazi ya Linux inapanda kwa ngazi. Mwandishi anatuma mabadiliko yake kwa msimamizi wa sehemu fulani, kwa mfano sehemu ya kamera ao ya mafaili. Msimamizi anayapima, kisha anayapeleka juu, mpaka yanafika kwa Torvalds. Yeye ndiye anayesema ndiyo ao hapana ya mwisho. Hakuna aliyemchagua, na hakuna kura ya kumwondoa.

Mwezi wa kumi na mbili 2012, msimamizi mmoja wa siku nyingi alipeleka mabadiliko yaliyoharibu programu za watumiaji, halafu akasema kosa ni la programu hizo. Torvalds alimjibu kwa herufi kubwa, akimwamuru afunge mdomo, pamoja na maneno mengine yasiyofaa kuandikwa hapa. Juu ya jambo lenyewe, Torvalds alikuwa na haki. Sheria ya kwanza ya mradi ni kwamba toleo jipya lisivunje programu ambazo watu wanazitumia tayari. Lakini kilichosambaa siku ile hakikuwa somo juu ya sheria hiyo. Kilichosambaa ni matusi.

Wapo waliomtetea, na utetezi wao haukuwa wa bure. Kosa dogo katika Linux linaweza kufikia mamilioni ya mashine, kutoka hospitali mpaka benki. Torvalds mwenyewe alieleza kwamba hawapigii kelele wageni. Anawapigia wakubwa wenzake, ambao wanapaswa kujua. Kwa watu hao, ukali ulikuwa bei ya kazi safi.

Aliyesimama na kusema hapana

Mwezi wa saba 2013, mtu mmoja aliikataa bei hiyo mbele ya wote. Sage Sharp, wakati ule mfanyakazi wa kampuni ya Intel, ndiye aliyeandika sehemu ya Linux inayohusika na USB 3.0. Sharp alimwandikia Torvalds kwa hadhara, akidai yeye na wasimamizi wengine waache kutukana watu. Hakuomba kazi mbovu ipokelewe. Alisema mtu anaweza kukataa kazi mbovu bila kumdharau aliyeifanya.

Torvalds alikataa. Alijibu kwamba anafanyia kazi nyumbani akiwa amevaa joho la kuogea, na kama vile hataki kuvaa tai, hataki pia adabu za uongo za maofisini. Kwake, kusema kwa upole kulikuwa ni kuficha ukweli.

Hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Upande mmoja ulisema ukweli hauwezi kukaa pamoja na adabu. Upande wa pili ulisema ukweli unasikika vizuri zaidi pale ambapo mtu hajavunjwa moyo. Wazee wa Kiswahili walikwisha kutoa jibu lao zamani: heshima si utumwa.

Mwezi wa tatu 2015, mradi uliweka karatasi ya kwanza juu ya jambo hili. Ilikuwa fupi sana. Ilionya kwamba kila kazi itachambuliwa vikali, ikawaomba watu watendeane vema, na ikasema mtu akionewa anaweza kuandikia baraza la ufundi la Linux Foundation, shirika linalousaidia mradi. Jina lake lilikuwa la mzaha, kama kusema “kanuni za ugomvi”. Haikutaja ni mwenendo gani unakatazwa, wala ni adhabu gani inafuata. Haikugusa pia swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: je, karatasi hii inamhusu hata mkubwa mwenyewe?

Mwezi wa kumi mwaka huohuo, Sharp alitangaza kwamba ameacha kazi ya Linux. Alieleza kwamba hawezi kuendelea mahali ambapo mtu anaheshimiwa kwa ujuzi wake lakini haheshimiwi kama mtu. Karatasi ilikuwa imetimiza miezi saba.

Nani yuko ndani, nani amebaki mlangoni

Mwaka 2017, kampuni ya GitHub iliuliza maswali waandishi wa programu huria zaidi ya elfu tano. Katika waliojibu, 95 kwa mia walikuwa wanaume, na 3 kwa mia tu walikuwa wanawake. Nusu ya waliojibu walikuwa wameona kwa macho yao mtu akitendewa vibaya katika kazi hiyo, na 18 kwa mia walikuwa wametendewa vibaya wao wenyewe. Katika hao walioona ao walioonewa, mmoja kati ya watano aliacha mradi.

Mwaka huohuo, watafiti wa Marekani walichapisha kazi yao juu ya mabadiliko ambayo watu wanapendekeza katika programu za wenzao. Kwa jumla, mapendekezo ya wanawake yalikubaliwa kidogo zaidi ya yale ya wanaume. Lakini kwa wageni katika mradi, mambo yaligeuka pale ambapo jina ao picha ilionyesha wazi kwamba mwandishi ni mwanamke.

Mambo hayo yanamgusa pia kijana wa Kongo. Anajifunza kwa Kifaransa, nyumbani anazungumza Kiswahili na lugha ya kabila lake, lakini Linux inamtaka aandike Kiingereza, mbele ya dunia nzima, kwa watu ambao hajapata kuwaona. Umeme unakatika, intaneti ni ghali. Akiona mtu mwenye uzoefu wa miaka ishirini anakemewa kama mtoto, anaweza kujiuliza yeye atafanywa nini. Wengi wa namna hiyo hawaonekani katika hesabu yoyote, sababu hawakuandika barua ya kwanza.

Wengine walitangulia

Linux haikuwa ya kwanza kufikiri juu ya kanuni. Mwaka 2004, Mark Shuttleworth, tajiri kutoka Afrika Kusini, alianzisha Ubuntu, mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux. Jina ni la lugha za kusini mwa Afrika, na Mswahili analisikia bila mkalimani: ndio utu wetu, ile hali ya mtu kuwa mtu kati ya watu. Tangu mwaka ule wa kwanza, Ubuntu ilikuwa na kanuni zake za mwenendo, na anayetaka kuwa mwanachama anaombwa kuzitia sahihi. Zilisema mtu awafikirie wengine, awaheshimu, afanye kazi pamoja nao, na aombe msaada pale asipojua. Kulikuwa pia na kipengele ambacho mashirika mengi hayana hadi leo: ukitaka kuondoka, ondoka kwa utaratibu, usiwaache wenzako na kazi mkononi bila kuwaambia.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, mwandishi wa programu Coraline Ada Ehmke wa Marekani aliandika kanuni ambazo mradi wowote unaweza kuzichukua bila malipo, zinazojulikana kama Contributor Covenant. Zinasema mtu asinyanyaswe kwa sababu ya umri, ulemavu, kabila, jinsia, inchi anayotoka, dini, mapenzi yake, kiwango cha masomo ao mali. Zinataja matusi, kusumbua mtu na kutangaza siri zake. Zinasema pia ni nani apokee mashtaka. Maelfu ya miradi imezichukua.

Barua ya 2018

Kilicholeta barua ya Torvalds kilikuwa kitu kidogo. Kila mwaka wasimamizi wakuu wa Linux wanakutana. Mwaka ule Torvalds alikosea tarehe, akapanga safari ya familia wakati uleule, na mkutano ukabidi uhamishwe kutoka Vancouver mpaka Edinburgh, Uskoti, ili aweze kuhudhuria. Alikiri katika barua kwamba ndani ya moyo alitamani mkutano ufanyike bila yeye. Wenzake walipomweka chini na kuzungumza naye, aliona kwamba tatizo si tarehe. Alikuwa hajawaelewa watu kwa miaka mingi, na maneno yake yalikuwa yamewaumiza, hata kufukuza wengine katika kazi.

Siku tatu baadaye, gazeti la The New Yorker la Marekani lilitoa makala ndefu juu ya matusi yake. Mwandishi wake alikuwa amekwisha kumpelekea maswali. Wabishi wakasema hiyo ndiyo sababu ya kweli ya msamaha. Inawezekana vyote viwili vilimsukuma. Kwa vyovyote, mtu asiye na mkubwa juu yake aliandika kwa mkono wake kwamba alikosa, na jina lake likawekwa pia chini ya kanuni mpya, zilizochukuliwa kutoka kwa zile za Ehmke.

Kelele zilikuwa nyingi. Wengine walisema Linux inapaswa kupima mistari ya programu tu, siyo tabia ya mtu. Wengine waliogopa kwamba siasa za Marekani zimeingia kwa mlango wa nyuma, na kwamba mtu atashtakiwa kwa maneno aliyosema nje ya mradi. Kukawa hata na vitisho vya kuondoa kazi zilizokwisha kutolewa. Wajuzi wa leseni walijibu kwamba mtu aliyekwisha kutoa kazi yake kwa leseni ya Linux hawezi kuinyang'anya hivihivi. Vitisho hivyo havikufika popote.

Hofu nyingine zilipata jibu la maandishi. Mwezi wa kumi 2018, mradi uliongeza maelezo ya namna kanuni zitakavyotumiwa. Mwanasheria Mishi Choudhary alitajwa kuwa mpatanishi. Kamati inapokea mashtaka, lakini pendekezo lake linapita kwa baraza la ufundi, ambalo wajumbe wake wanachaguliwa na waandishi wa programu, na kwa maelezo yale ya 2018, baraza hilo liliweza kulikataa kwa kura za theluthi mbili. Ni utaratibu ambao mtu aliyepata kuona barza ya wazee ikikaa hatashangaa nao: anayesikiliza kesi hakati shauri peke yake.

Kuna pia waliocheka. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mhandisi mmoja alipendekeza kwamba tusi fulani la Kiingereza lililojaa katika maelezo ya Linux libadilishwe popote kwa neno lenye maana ya kukumbatia. Sentensi zilizotoka zilikuwa za ajabu. Wenzake walimkumbusha kwamba, kwa maelezo yale, kanuni hazirudi nyuma kusafisha maandishi ya zamani. Zinahusu namna watu wanavyotendeana leo.

Wakati huo Torvalds alikuwa amekwisha kurudi. Tarehe 22 mwezi wa kumi, msaidizi wake Greg Kroah-Hartman alitoa toleo la 4.19, akamrudishia usukani, na akawaomba wote wawapokee wageni vizuri. Torvalds aliwaambia waandishi wa habari kwamba ameweka mtego katika barua pepe yake: akiandika maneno fulani, barua haiendi, inamrudia mwenyewe.

Mtihani wa kweli

Kanuni zilipata mtihani mkubwa mwezi wa kumi na moja 2024. Kent Overstreet, aliyeandika bcachefs, mfumo wa kutunza mafaili ndani ya diski, alimtolea msimamizi mwenzake matusi mazito kwa hadhara. Kamati ilimtaka aombe msamaha mahali palepale alipotukana. Alikataa, akisema kwamba kazi yenyewe ndiyo inapaswa kuangaliwa, na akalaumu namna kamati ilivyoendesha kesi. Baraza la ufundi lilikubali adhabu: kazi yake haitapokelewa katika toleo lote la 6.13.

Overstreet hakuwa mgeni wala mtu mdogo. Bcachefs ilikuwa kazi yake ya miaka mingi, na kulikuwa na watu waliotunza mafaili yao ndani yake. Adhabu iliwagusa na hao, ambao hawakumtukana mtu. Mgogoro wake na Torvalds haukuisha. Uliendelea hasa juu ya utaratibu wa kutuma kazi, na mwaka 2025 bcachefs iliondolewa ndani ya Linux kuanzia toleo la 6.18. Leo inaendelea nje ya mradi. Wapo wanaosema Linux ilipoteza kazi nzuri. Wengine wanasema msimamizi aliyetukanwa naye alikuwa na kazi nzuri ya kupoteza.

Mwaka 2015, kuzuia kazi ya mtu wa ngazi hiyo kwa sababu ya matusi kusingewezekana. Mtu yeyote angeuliza: “Na Torvalds je?” Baada ya 2018, swali hilo lilikuwa limepata jibu.

Mwenye mfuko naye

Lakini wakubwa si wale wanaotukana tu. Wapo pia wanaoshika pesa. Mwezi wa kumi na moja 2023, waandishi wa programu wa Afrika walikutana Zanzibar kwa mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa, unaohusu programu za lugha ya Python. Waliomba msaada kwa shirika la Python Software Foundation la Marekani. Ndani ya shirika kukatokea mashaka, sababu sheria za Zanzibar zinaadhibu mapenzi ya jinsia moja, na wengine waliogopa juu ya usalama wa watakaokwenda. Pesa zilitolewa mwishowe. Lakini vikundi vya Waafrika viliandika barua ya wazi, vikilalamika juu ya namna ombi lao lilivyoshughulikiwa na maswali waliyowekewa.

Pande zote mbili zilitumia maneno yaleyale ya kanuni, yaani kila mtu akaribishwe na awe salama. Upande mmoja ulifikiria mtu anayeweza kufungwa. Upande mwingine ulifikiria bara ambalo haliwezi kuandaa mkutano nyumbani kwake bila kuhojiwa. Shirika lilibidi lijieleze kwa hadhara juu ya namna linavyotoa pesa. Nalo, kama Torvalds, lilijikuta chini ya kanuni lililozowea kuwapa wengine.

Kilichobaki

Torvalds hajageuka kuwa mtu mpole. Mwezi wa kwanza 2024 alimwambia mhandisi mmoja wa Google, kwa maneno makali sana, kwamba kazi yake ni takataka. Wengi waliona kwamba ukali wa zamani bado uko. Wengine waliona kwamba safari hii alishambulia kazi kuliko mtu, na mstari kati ya hivyo viwili bado unabishaniwa.

Kamati ya kanuni inaendelea na kazi. Inatoa ripoti za hadhara juu ya mashtaka iliyopokea, bila kutaja majina, na mengi yanaishia katika mazungumzo. Maelezo yaliyoongezwa mwaka 2024 yanasema wazi kinachofuata mtu akikataa kurekebisha alichoharibu: ataombwa msamaha wa hadhara, na akiendelea kukataa, anaweza kusimamishwa kwa muda unaoweza kufika toleo zima.

Anwani ya kamati iko katika maandishi ya Linux yenyewe, pamoja na kanuni zote. Mtu anayetuma mstari wake wa kwanza kutoka Bukavu anaweza kuiandikia sawasawa na msimamizi wa miaka ishirini, hata kama anayemshtaki ni mkubwa wa wote.